Vidokezo 12 vya Kutunza Darubini ya Redio Juu ya Paa, Butembo na Beni

Mawingu ya Butembo humkatisha tamaa mwenye darubini ya lenzi, lakini kwa darubini ya redio ni kama hayapo. Gesi ya hidrojeni iliyotapakaa katika galaksi yetu hutoa mawimbi yenye urefu wa sentimita 21, nayo hupenya mawingu mchana na usiku. Isitoshe, Butembo na Beni ziko karibu kabisa na ikweta. Karibu mbingu yote, ya kaskazini na ya kusini, hupita juu ya paa lenu kila siku.

Dishi la mita moja na nusu, kopo la bati linalokusanya mawimbi mbele ya dishi, amplifaya ndogo, risiva ya USB iliyobuniwa kwa ajili ya televisheni, na kompyuta ya kawaida. Kwa vifaa hivyo, wanafunzi wa Université Catholique du Graben au Université Officielle de Ruwenzori mjini Butembo, au wa Université Chrétienne Bilingue du Congo kule Beni, wanaweza kupima wenyewe jinsi galaksi inavyozunguka. Kuunda chombo ni kazi ya wiki chache. Kukiweka kizima mwaka hadi mwaka, katika mvua, radi, kutu na umeme unaokatika, ni kazi kubwa zaidi, na ndiyo inayomfanya mwanafunzi kuwa mtafiti. Anayejua kila hitilafu ya chombo chake ndiye anayeweza kusema kwa uhakika, "Hii si hitilafu, hii ni mbingu." Vidokezo hivi vinalenga hapo.

1. Pimeni afya yake kila siku

Kabla ya kutafuta galaksi, fanyeni kipimo cha dakika mbili. Elekezeni dishi utosini, mbali na Njia ya Maziwa, mwandike nguvu ya mawimbi inayoonekana kwenye kompyuta. Kisha mwenzenu aufunike mdomo wa kopo kwa viganja viwili, mwandike tena. Anga tupu lina "joto" la kama kelvini 10 hivi katika mawimbi haya. Mwili wa binadamu una kelvini 310. Kwa hiyo mstari kwenye skrini lazima upande mara tu viganja vinapofunika kopo.

Kinachohesabika ni tofauti kati ya vipimo hivyo viwili. Ikiwa wiki iliyopita tofauti ilikuwa desibeli tatu na leo ni moja na nusu, kuna kitu kinachoharibika, hata kama alama ya hidrojeni bado inaonekana. Mtakigundua kikiwa bado ni kidogo na cha bei nafuu.

2. Maji ndiyo adui namba moja

Tarehe 25 Machi 1951, Harold Ewen, mwanafunzi wa Harvard, pamoja na mwalimu wake Edward Purcell, waliyanasa mawimbi ya hidrojeni kwa mara ya kwanza. Antena yao ilikuwa pembe kubwa iliyotokeza nje ya dirisha la maabara, mdomo ukitazama juu. Mvua iliponyesha, pembe ile iliyakinga maji na kuyamimina ndani ya maabara. Basi msione aibu paa lenu likiwasumbua. Sayansi hii ilianza kwa kufuta sakafu.

Kwetu tatizo lina sura yake. Sehemu kubwa ya galaksi hupita juu juu, kwa hiyo dishi letu hutazama juu kuliko madishi ya Ulaya. Dishi la bati zima likitazama utosini ni beseni. Toboeni matundu machache ya sentimita moja pale chini kabisa. Mawimbi ya sentimita 21 hayatayaona. Mdomo wa kopo ufunikeni kwa plastiki nyembamba ngumu, na upande wa chini wa kopo muache tundu dogo ili unyevunyevu wa alfajiri utoke.

Kebo, kabla ya kuingia ndani ya nyumba au kwenye kisanduku, ishuke kwanza kisha ipande, ili maji yadondoke pale chini yasifuate njia hadi kwenye koneta. Kila koneta ya nje ifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, ukianzia chini kwenda juu, halafu utepe mweusi wa umeme juu yake. Na silikoni mnayonunua, inuseni kwanza: ile inayonuka kama siki hutoa asidi inayokula shaba. Tafuteni isiyo na harufu hiyo.

3. Heshimuni radi

Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliiweka Kabare, katika jirani yetu Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela pekee: zaidi ya miali 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Mashariki ya Kongo ni nchi ya radi, na mlingoti wa chuma juu ya paa ni kitu cha kwanza inachokutana nacho.

Mlingoti uunganishwe na nondo ya shaba iliyozamishwa ardhini, kwa waya mnene unaoshuka moja kwa moja bila kona kali. Nondo hiyo iunganishwe pia na ardhi ya umeme ya jengo, maana sehemu mbili zisizounganishwa hupata volti tofauti radi inapopiga karibu, na tofauti hiyo hupitia kwenye risiva na kompyuta yenu. Pale kebo inapoingia ndani, wekeni kinga ya radi ya aina ya gesi.

Hata hivyo, hakuna kinga inayostahimili pigo la moja kwa moja. Kinga ya kweli ni desturi: mawingu yakianza kujikusanya, mtu wa zamu anachomoa kebo na kuiacha nje ya dirisha, mbali na meza. Ngurumo ikishasikika, hakuna anayepanda paani mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.

4. Msipande peke yenu

Bati lenye umande huteleza, na la zamani huvunjika kati ya mbao. Kila anayepanda awe na mwenzake chini anayeshika ngazi, avae viatu vya raba, akanyage pale penye misumari, kwa kuwa chini yake pana ubao. Mlingoti usifungwe kwenye bati lenyewe. Ufungwe kwenye ukuta au kwenye mbao za kenchi. Kama jengo lina paa la zege, fremu yenye mifuko ya mchanga inatosha, wala hamtoboi kitu kitakachovuja.

5. Safisheni wavu, kopo na kila pembe

Wavu wa dishi unafaa kuliko bati zima: upepo hupita, mvua hupita, na jua haliunguzi kopo linapokuwa utosini siku za karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba. Chagueni wavu wenye matundu yasiyozidi sentimita mbili. Kila mwezi kagueni kwa mkono sehemu zilizoachia au kubonyea. Umbo la dishi likikosea kwa sentimita moja halina neno. Likikosea kwa tatu au nne, mawimbi hayakutani tena mahali pamoja.

Kutu ikianza, ipigeni msasa na kupaka rangi siku hiyohiyo. Nati na bolti zipakwe grisi, la sivyo siku ya kuzifungua mtahitaji msumeno. Ndani ya kopo tazameni nyigu na buibui: kiota cha tope karibu na kijiti cha shaba cha sentimita tano kinachonasa mawimbi humo ndani hubadilisha usikivu wa chombo kizima.

Mwaka 1964, Arno Penzias na Robert Wilson, huko Holmdel, Marekani, walisumbuliwa na kelele ndogo isiyoisha kwenye antena yao. Waliwaondoa njiwa waliokuwa wameweka kiota ndani, wakasugua kinyesi chao, wakakagua viungo. Kelele ikabaki. Ilikuwa mionzi iliyosalia tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, nayo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya mwaka 1978. Bila kusugua kwanza, wasingekuwa na haki ya kusema kwamba haikuwa ya njiwa.

6. Hitilafu ikitokea, fuateni kebo

Msibadilishe vitu ovyo. Fuateni njia ileile ya mawimbi, kutoka mwisho kwenda mwanzo:

- Kompyuta inaiona risiva? Kama haiioni, jaribuni waya mwingine wa USB. Waya hizi hufa mara nyingi kuliko risiva.
- Umeme unafika kwenye amplifaya? Kwenye mfumo huu volti 5 hivi hupanda kupitia kebo ileile ya antena. Pimeni kwa multimita kwenye koneta ya juu. Mkikuta volti tatu badala ya tano, kutu imeingia kwenye kiungo fulani.
- Kebo ni nzima? Ichomoeni pande zote mbili. Kati ya waya wa katikati na wavu wa nje, multimita isionyeshe njia kabisa. Ikionyesha, kuna mguso au maji. Kisha unganisheni nyaya hizo mbili kwa makusudi upande mmoja. Upande wa pili multimita ionyeshe karibu sifuri.
- Amplifaya inafanya kazi? Izimeni na kuiwasha. Mstari kwenye skrini lazima uruke juu inapowaka. Usiporuka, imekufa, na mara nyingi ni radi iliyopiga jirani.

Kateni kebo pale ilipolowa, pamoja na nusu mita ya ziada: maji hutembea ndani ya wavu wa shaba na kuugeuza mweusi mbali na pale yalipoingilia.

7. Jueni kelele za mji wenu

Masafa ya megahezi 1,400 hadi 1,427 yamehifadhiwa duniani kote na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Hakuna anayeruhusiwa kutangaza humo. Hidrojeni iko pale 1,420.4. Tatizo letu hutoka pembeni: stesheni za FM kati ya 88 na 108 na minara ya simu ya 900 na 1,800 zina nguvu kiasi cha kuijaza amplifaya hadi isisikie kitu kingine. Dawa ni kichujio cha 1,420, kiwekwe pamoja na amplifaya pale pale kwenye kopo, si chini mezani.

Karibu na ikweta kuna jambo jingine. Satelaiti zisizohama zimejipanga kwenye mstari unaopita utosini kutoka mashariki hadi magharibi, na baadhi yake hutangaza karibu na megahezi 1,540. Zikiwasumbua, inamisheni dishi nyuzi 15 au 20 kaskazini au kusini. Hamtakosa cha kutazama: kitovu cha galaksi hupita nyuzi 29 kusini mwa utosi.

Zilizobaki ni za nyumbani: taa za LED za bei ya chini, inveta, chaja za simu, cheche za plagi za pikipiki barabarani. Spektra ikiwa wazi kwenye skrini, zimeni kimoja baada ya kingine na mwandike kila mmoja wenu anachokiona. Chaja moja mbaya ikipatikana, badilisheni chaja. Ni rahisi kuliko kubadilisha antena.

8. Tofautisheni saa ya watu na saa ya nyota

Nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23 na dakika 56. Kwa hiyo kilele cha kweli cha Njia ya Maziwa kitawafikia dakika nne mapema kila siku, na saa mbili mapema baada ya mwezi. Kitu kinachokuja kila siku wakati uleule mtaa unapowasha majenereta ni jenereta.

Ni kwa kipimo hicho Jocelyn Bell, mwanafunzi wa Cambridge mwaka 1967, alijua kwamba midundo aliyoiona kwenye karatasi zake, mmoja kila sekunde 1.3, haikuwa ya gari wala ya kiwanda. Ilifuata saa ya nyota. Antena ile alikuwa ameijenga pamoja na wenzake, nguzo kwa nguzo, kwa hiyo aliifahamu. Alikuwa amegundua pulsa ya kwanza, yaani nyota inayotoa midundo ya redio.

Ninyi mna bahati zaidi, kwa kuwa miji yenu ni miwili. Vituo viwili vikielekezwa sehemu ileile, kitu cha mbinguni huonekana Beni na, chini ya dakika moja baadaye, Butembo. Kinachoonekana Butembo tu ni cha Butembo. Kubalianeni kutumiana grafu kila Jumamosi.

Na msikarabati kisichoharibika. Dunia ikilizunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, alama ya hidrojeni husogea hadi megahezi 0.14 upande huu au ule kwa kufuata majira. Huo ni mwendo wenu wenyewe angani. Ila risiva za bei nafuu nazo huhama masafa zinapopata joto. Iacheni risiva yenu iwake nusu saa kabla ya kupima.

9. Hesabuni umeme kabla ya kuunganisha

Risiva, amplifaya na kompyuta ndogo ya bodi moja vinatumia wati 10 hivi. Kwa saa 24 ni watisaa 240, yaani saa-ampea 20 kwa betri ya volti 12. Betri ya asidi isishushwe chini ya nusu, kwa hiyo nunueni ya 40 au zaidi, na paneli inayoweza kuijaza hata siku ya mawingu. Chukueni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri bila kupitia inveta: mnaokoa nguvu na mnaondoa kelele. Ncha za betri zisafisheni kila mwezi. Na umeme wa mji ukirudi ghafla kwa volti za juu, chombo chenu hakitajua.

10. Wekeni akiba, fanyeni urafiki na mafundi

Ndani ya boksi moja lisilopitisha maji wekeni risiva ya pili, amplifaya ya pili, koneta kumi, utepe wa mpira, fyuzi, mita kadhaa za kebo na kadi ya kumbukumbu yenye nakala ya programu. Kadi hiyo ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayokufa umeme unapokatika wakati kompyuta inaandika.

Vitu vinavyoagizwa nje huchukua muda kufika kupitia Kampala na mpaka wa Kasindi, na barabara ikifungwa husubiri. Vingine vyote viko mjini. Fundi wa simu sokoni hupiga solda safi kuliko wengi wetu. Fundi wa madishi ya televisheni anajua kufunga mlingoti usitikisike. Mchomeleaji wa madirisha anaweza kutengeneza fremu yenye bawaba ya kuinamisha dishi. Waiteni paani, waonyesheni hidrojeni kwenye skrini, walipeni vizuri. Watarudi.

11. Waelezeni watu kabla hawajauliza

Mei 2021 uongozi wa Kivu Kaskazini ulikabidhiwa kwa maofisa wa jeshi na polisi, na watu wa Beni na Butembo wamebeba mengi. Dishi geni linalozunguka juu ya paa linaweza kuzua hofu ya kweli. Wakati wa Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, tuliona vituo vya matibabu vikishambuliwa Katwa na Butembo, kwa sehemu kwa sababu vifaa na watu walifika kabla ya maelezo.

Kwa hiyo pelekeni barua ya chuo kwa meya na kwa mkuu wa komini kabla ya kupandisha mlingoti, kisha mwende kwa mkuu wa mtaa ana kwa ana. Semeni wazi jambo moja: chombo hiki kinapokea tu, hakitangazi chochote wala hakisikilizi simu za watu. Wakaribisheni wajionee. Redio za mjini zina vipindi vya vijana. Ombeni nusu saa mueleze kwa Kiswahili na Kinande. Jirani anayejua dishi ni la nini ndiye atakayewapigia simu siku upepo utakapoliinamisha.

12. Daftari moja, saa moja, na mrithi

Andikeni kila mguso: nani, lini, alifungua nini, alikuta nini, aliacha nini. Wakati uandikwe kwa saa ya kimataifa, UTC, ambayo iko saa mbili nyuma ya saa yetu. Bila kanuni hiyo, mmoja ataandika saa mbili usiku, mwingine 20h, kompyuta itaandika 18:00, na mwaka ujao hakuna atakayejua kwamba wakati ni uleule.

Halafu fikirieni kuhitimu. Vyombo vingi vya wanafunzi haviuawi na radi; hufa mwaka ule waliovijenga wanapoondoka na ujuzi wote vichwani mwao. Kila kazi iwe na watu wawili, mmoja wa mwaka wa mwisho na mmoja wa mwaka wa kwanza, na kila muhula yule mdogo abadilishe koneta, apime kebo na kusoma grafu kwa mikono yake huku mkubwa akitazama tu. Akiweza kueleza kila mstari ulioko kwenye skrini, huu wa galaksi, ule wa inveta, na ule mwingine ambao bado hakuna aliyeupatia sababu, mkabidhini ufunguo wa paa.